Upinde katika Skyrim: mwalimu au mazoezi, upinde mwepesi au mzito?

Anayeamua kucheza Skyrim kama mpiga upinde anakutana na maswali mawili ambayo mchezo wenyewe haumfafanulii. Pointi za ustadi azinunue kwa walimu, au azichume porini kwa kupiga? Na mali yake aiweke kwenye upinde mkubwa au kwenye mishale mizuri? Ushauri unaozunguka huwa mfupi: lipa mwalimu, chukua upinde wenye namba kubwa kuliko zote. Naona sehemu zote mbili za ushauri huo zinampotosha mtu, hasa anayeanza, na hesabu za kuonyesha hivyo zipo. Nazungumzia mchezo wa Bethesda uliotoka Novemba 2011, pamoja na nyongeza ya Dawnguard ya 2012 ambayo kwenye Special Edition imo tayari. Modi siziingizi.

Kwanza, jiwe

Ukishatoka Helgen, mji ambao mchezo unaanzia, njiani kuelekea Riverwood unapita kwenye mawe matatu: la Mpiganaji, la Mchawi na la Mwizi. Mkono wa mpiga upinde huenda wenyewe kwenye la Mwizi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kunyata na kuvizia. Ndipo wengi wanapopoteza. Katika Skyrim upinde umewekwa fungu moja na upanga, ngao na uhunzi, kwa hiyo jiwe linaloupandisha haraka ni la Mpiganaji, kwa asilimia 20. La Mwizi linasaidia kunyata na mavazi mepesi ya vita, lakini upinde haliugusi kabisa. Lipo pia jiwe la Mpenzi, mashariki ya Markarth, linaloongeza asilimia 15 kwa kila ujuzi. Kama mpango wako ni upinde pamoja na kunyata na mavazi mepesi, hilo la Mpenzi ndilo lenye faida kubwa kwa jumla. Kama unachotaka ni upinde peke yake, baki na Mpiganaji, na kila mara lala kitandani kwenye nyumba ya wageni kabla ya kwenda porini: unaamka na nyongeza ya asilimia 10 kwa saa 8 za ndani ya mchezo.

Kabila la mhusika lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Wood Elf anaanza na 25, Khajiit na Redguard 20, wengine wote 15. Pointi 10 za mwanzoni zinapatikana haraka sana. Chagua sura unayoipenda.

Mwalimu au mazoezi

Walimu wa kufuata ni watatu. Faendal, mkata mbao wa Riverwood, anafundisha hadi 50. Aela wa kundi la Companions, pale Jorrvaskr mjini Whiterun, anafika 75. Niruin wa Thieves Guild, chini ya mji wa Riften, anafika 90. Kutoka 90 hadi 100 hakuna wa kumlipa. Hapo ni mshale wako na adui.

Watu huangalia bei na kusahau kilicho adimu zaidi. Kila levo ya mhusika inakupa vipindi 5 vya mafunzo, na hivyo 5 ni vya ujuzi wote kwa pamoja. Dhahabu utaipata tu, mapango yamejaa. Kipindi ulichokitumia kwenye upinde ndicho ambacho hukukitumia kwenye ujuzi mwingine, na hakirudi mpaka upande levo.

Sasa tazama upinde unavyokua. Ni ujuzi unaoutumia katika kila pambano, kuanzia mbwa mwitu wa njiani hadi joka. Pointi za chini zinaanguka zenyewe: ukiwa na 20, mapambano machache tu yanatosha kukupandisha. Ukiwa na 80, pointi moja inakula mishale mingi mno. Mwalimu anauza pointi moja kwa kipindi kimoja, iwe ya 20 au ya 85. Kwa hiyo kipindi cha Niruin kina thamani kubwa mara nyingi kuliko cha Faendal, ingawa hapo juu pointi moja inadai sarafu elfu kadhaa.

Na kuna ujuzi ambao mpiga upinde mzuri anaunyima chakula bila kujua: mavazi mepesi ya vita. Ujuzi huo unapanda kwa kupigwa. Wewe unayeua kwa mbali hupigwi, basi unafika levo 30 ukiwa na upinde wa kutisha na ngozi ya karatasi, halafu siku joka linapotua mbele yako, au Draugr (maiti aliyefufuka) mkubwa anapokukuta kwenye kona, mchezo umekwisha. Ushauri wangu kwa levo za katikati ni kupeleka vipindi vingi kwa Grelka, yule mama wa sokoni Riften anayefundisha mavazi mepesi, na kuuacha upinde ujikuze kwa kazi zake.

Faendal ana lake la kuzungumzia, maana kwake unaweza kujifunza bure. Yeye na Sven wanamgombea Camilla Valerius, dada wa mwenye duka la Riverwood. Ukimsaidia Faendal, anakubali kuwa mfuasi wako. Mlipe kipindi, kisha fungua mizigo yake kama unavyofanya kwa mfuasi yeyote: dhahabu yako iko humo, ichukue. Mtu anayeanza na 15, akitumia vipindi vyote vitano kila levo, anafika 50 bila kutoa hata sarafu moja. Je, nishauri hivyo? Kwa aliye na Skyrim ya kwanza, hapana, isipokuwa pointi chache za kuanzia. Vipindi ndivyo unavyovitumia, na unavitumia kwenye pointi zile ambazo zingekuja zenyewe. Kwa anayerudia mchezo na anataka kufika kipaji cha Steady Hand mapema na kukikaribia kile cha Ranger ili aanze kucheza anavyopenda, njia ya Faendal ni halali na ni nzuri.

Kwa Aela mbinu ni ileile, lakini inakuja na mkataba. Hawi mfuasi mpaka umalize misheni kuu za Companions, na katikati ya misheni hizo huendelei bila kukubali damu ya mbwa mwitu, yaani kuwa mtu anayegeuka mbwa mwitu. Aliye na damu hiyo hapati tena ile nyongeza ya kulala vizuri. Unaokoa dhahabu kwa Aela huku unapoteza asilimia 10 kwa kila mshale unaopiga, mpaka utakapojiponya. Kama ulikuwa unaipenda hadithi ya Companions, sawa kabisa. Kama unaenda kwa ajili ya mafunzo tu, ruka moja kwa moja kutoka mazoezi hadi Niruin.

Angi ni habari nyingine, na kila mpiga upinde anapaswa kumtembelea. Anaishi peke yake kwenye theluji, kusini katika wilaya ya Falkreath. Anakupa majaribio ya kupiga shabaha, kila ukifaulu ustadi unapanda, na hadai sarafu wala hagusi vile vipindi vyako vitano. Ukimaliza anakupa upinde wake. Shabaha nyingine zote za mchezo, zile za kambini na kwenye ngome, hazikuongezei chochote hata ukizijaza mishale. Vitabu vya ustadi vipo vya aina tano, kila kimoja pointi moja. Visome ukivikuta, na kama una subira viweke hadi uvuke 90, ambako mwalimu hayupo.

Kwa upande wa mazoezi yenyewe kuna dhana moja inayorudiwa sana: eti ushikilie upinde dhaifu ili adui achelewe kufa na wewe upige mara nyingi. Haisimami. Uzoefu unaoupata kwa kila mshale unahesabiwa kutokana na pigo la msingi la silaha, kwa hiyo upinde wa 6 unakupa kidogo kila unapopiga na upinde wa 17 unakupa zaidi. Kunoa kwenye jiwe na vipaji ulivyowasha haviingii kwenye hesabu hiyo. Anayetaka mazoezi mengi apandishe ugumu wa mchezo. Kwenye Adept pigo lako ni kamili, kwenye Master ni nusu, kwenye Legendary ni robo. Adui yuleyule anakula mishale minne badala ya mmoja, na kila mmoja unakulipa.

Mshale kwanza, upinde baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Pigo la mshale linajumlishwa na pigo la upinde. Mshale wa chuma ni 8, wa chuma cha pua 10, wa Orcish 12, wa Dwarven 14, wa Elven 16, wa kioo 18, wa Ebony 20, wa Daedric 24, wa mfupa wa joka 25. Kutoka mshale mbovu hadi wa Daedric unaongeza 16. Kutoka upinde wa kuwindia hadi upinde wa Daedric unaongeza 12. Yaani upinde wa kuwindia wenye mshale wa Ebony unapiga 27, na upinde wa Ebony wenye mshale wa chuma unapiga 25. Hata hivyo nimeona watu wakikusanya sarafu kwa muda mrefu wanunue upinde, huku podo limejaa vijiti vya majambazi.

Pinde za kawaida zikipangwa pamoja, zote zikitumia mshale wa Dwarven, zinakuwa hivi:

| Upinde | Pigo | Uzito | Kasi | Pamoja na mshale |
|---|---|---|---|---|
| Mrefu | 6 | 5 | 1.0 | 20 |
| Wa kuwindia | 7 | 7 | 0.94 | 21 |
| Orcish | 10 | 9 | 0.81 | 24 |
| Dwarven | 12 | 10 | 0.75 | 26 |
| Elven | 13 | 12 | 0.69 | 27 |
| Kioo | 15 | 14 | 0.63 | 29 |
| Ebony | 17 | 16 | 0.56 | 31 |
| Daedric | 19 | 18 | 0.5 | 33 |
| Mfupa wa joka | 20 | 20 | 0.75 | 34 |

Angalia safu ya kasi. Kadiri pigo linavyopanda, uvutaji unazidi kuwa mzito, mpaka Daedric inavutika kwa nusu ya kasi ya upinde mrefu. Ukizidisha pigo la jumla kwa kasi, upinde mrefu unabaki 20, Dwarven inakuwa kama 19.5, Ebony 17.4 na Daedric 16.5. Kwenye mapambano halisi pengo hilo ni dogo zaidi, kwa sababu muda wa kupachika mshale nao umo, na upinde mzito unahitaji mishale michache kumwangusha adui. Lakini mwelekeo ni wa kweli: mbele ya kundi la Falmer, viumbe wa mapangoni, wanaokujia mbio, upinde mwepesi wenye mishale mizuri haupitwi na huo wa namba kubwa.

Mambo yanageuka ukiwa umejificha. Mshale wa kwanza kwa adui asiyekuona unapiga mara 2, na ukiwasha kipaji cha Deadly Aim kwenye kunyata, ustadi huo ukifika 40, unapiga mara 3. Hapo Ebony na mshale wa Dwarven ni 93, upinde mrefu ni 60. Kwa mshale huo mmoja una muda wote wa kuvuta, kwa hiyo kasi haina kazi. Anayecheza kwa kuvizia tu achukue mzito. Anayependa kupigana uwanjani akirudi nyuma achukue mwepesi. Na kubeba zote mbili si shida, ziweke kwenye orodha ya vipendwa: mzito wa kufungulia, mwepesi wa kumalizia.

Mfupa wa joka umevunja utaratibu wote huo, pigo 20 na kasi ya Dwarven. Tatizo ni kwamba unataka uhunzi wa 100, na mtu akifika huko mara nyingi ameshamaliza sehemu kubwa ya mchezo.

Kwa safari ya katikati, mimi nasimama na Dwarven, upinde na mishale. Kipaji chake cha uhunzi kinafunguka ukiwa na 30 tu, na kinafanya kunoa kuwe na faida maradufu. Mishale ni karibu bure. Ingia kwenye gofu lolote la Dwemer (ndio hao Dwarven), uokote chuma chakavu kilichopinda. Kipande kimoja ukikiyeyusha kinatoa vipande 3 vya kufulia. Kwenye tanuru, kipande kimoja na kuni moja vinatoa mishale 24. Chakavu kimoja, basi, ni mishale 72. Na kwa kuwa mishale haina uzito (isipokuwa ukiwasha hali ya Survival), unatembea na mamia bila kuhisi chochote. Hakuna upinde wa dukani unaoweza kukubadilishia mchezo kama gofu moja lililookotwa vizuri.

Pinde zenye majina

Zephyr ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Ni upinde wa sura ya Dwarven, pigo 14, unaopiga haraka zaidi kwa asilimia 30. Uko Arkngthamz, gofu lililo kusini mwa Markarth, ambako mzimu wa mtafiti Katria unatembea nawe akipiga upinde kando yako. Upinde wenyewe umelala juu ya kitu kilichoanguka na kuning'inia juu ya maporomoko ya maji, na watu wengi wanapita chini yake bila kuinua macho. Mbele zaidi kuna mlango unaofunguliwa kwa upinde: unapiga vitoa sauti vitano ukutani kwa mpangilio sahihi, na ukikosea mitego inakuamkia. Sijaona sehemu nyingine ya Skyrim iliyotengenezwa kwa ajili ya mpiga upinde kama chumba kile. Unaweza kwenda mapema, na unapaswa.

Auriel's Bow inakuja mwishoni mwa hadithi ya Dawnguard. Pigo lake ni 13 tu, lakini kasi ni 1.0 kamili, na unaongeza madhara ya jua ya pointi 20, ambayo yanakuwa mara tatu kwa wafu waliofufuka. Kwa kuwa nusu ya makaburi ya Skyrim yamejaa Draugr, hiyo mara tatu utaiona kila siku. Kwa majambazi na majoka, Zephyr iliyonolewa vizuri inanitosha.

Nightingale Bow, wa misheni za Thieves Guild, unapanga nguvu zake kulingana na levo yako siku unapoupokea, na haubadiliki tena. Ukiuchukua mapema umechukua mdogo. Kama huna haraka, subiri.

Halafu kuna Bound Bow, upinde wa kuita kwa uchawi. Pigo 18, hauna uzito, unakuja na mishale yake, na kila pambano unakuza ujuzi wa kuita pamoja na wa upinde. Haujui kunolewa, na unadai nguvu za uchawi ambazo mpiga upinde wa kawaida hana. Kwa mhusika mwenye mchanganyiko wa uchawi sioni sababu ya kuhangaika na uhunzi kabisa. Kwa asiye na uchawi, aupite.

Bunduki-upinde (crossbow) ya Dawnguard ina pigo 19 na nafasi nusu kwa nusu ya kumyumbisha adui hata kabla ya kuwasha kipaji cha Power Shot. Ikishapakiwa inabaki imepakiwa, kwa hiyo mshale wa kwanza unatoka papo hapo bila kuvuta. Kupakia upya ndiko kunakochosha, na mimi kwenye mapambano ya watu wengi nairudisha begani. Kwa joka lililotua au kwa adui mmoja mwenye ngao, ni silaha ya kuheshimika, hasa ile iliyoboreshwa inayopuuza nusu ya kinga ya vazi.

Vipaji na mavazi

Overdraw ijazwe kila inapofunguka, asilimia 20 ya pigo kwa kila hatua. Kati ya Steady Hand na Quick Shot, mwenye upinde mzito aanze kutamani Quick Shot, inayofupisha uvutaji kwa asilimia 30. Mwenye mwepesi atafaidi zaidi Steady Hand, maana anachokosa ni utulivu wa kulenga. Critical Shot weka hatua moja tu, kama daraja la kufikia Ranger. Ranger yenyewe, kwenye 60, inakuruhusu kutembea haraka ukiwa umevuta, na kwa anayepigana uwanjani ina faida kuliko Bullseye ya 100.

Kofia ni uchaguzi wa kweli. Kinyago cha kasisi wa joka Krosis, kinachopatikana Shearpoint kwa kupigana naye na joka kwa wakati mmoja, kinaongeza asilimia 20 ya upinde pamoja na kufungua kufuli na utengenezaji dawa. Taji ulilolitia nguvu mwenyewe, uchawi wa vifaa ukiwa umekamilika, linafika 40. Nguvu hiyohiyo inakaa kwenye glavu, pete na mkufu. Kama uchawi wa vifaa hauko kwenye mpango wako, Krosis atakutosha hadi mwisho. Kama uko, usipoteze usiku mzima Shearpoint.

Na kwa sarafu sifuri: masikio ya elf yaliyokaushwa (mmea uitwao Elves Ear), yale yanayoning'inia majikoni, ukiyachanganya na matunda ya mreteni (Juniper Berries) yanayojaa pande za Markarth, unapata dawa ya kuongeza nguvu ya upinde. Mzizi wa Canis na uyoga wa Imp Stool vinatoa sumu ya kupooza. Paka sumu hiyo kwenye upinde mzito kabla ya mshale wa kwanza, kisha badilisha uchukue mwepesi wakati adui yuko chini.